Tuliomba Glavu

Mikono ya shangazi ilikuwa juu ya maji, haijayagusa. Hodhi lile la mawe lilijaa hadi ukingoni, na maji yalikuwa yametulia kama mtu anayetega sikio. Ndani yake niliona vivuli vya vidole vyake, viwili vimekunjika kana kwamba vimeshika kitu kidogo visichotaka kukiachia. Havikushika kitu. Ndivyo dawa ya madoa ilivyoviacha. Upande mmoja alisimama tajiri wetu, rozari mkononi, machozi tayari yamemlenga. Upande wa pili alisimama padri. Sisi wengine tulikuwa nyuma, mimi karibu zaidi, nimeuma ulimi hadi nikaonja damu, maana mbele ya hodhi lile hakuna ruhusa ya kumtilia mwenzako neno mdomoni.

Wanaokisimulia kisa hiki siku hizi huanzia hapo, kwa kuwa hapo pana mishumaa. Mimi naanzia kwenye dobi, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na mvuke.

Dobi letu lilifua shuka za hospitali. Zilikuja ndani ya mifuko ya turubai, zimebeba damu na usaha na kila kinachomtoka mtu akiugua, na mara nyingine sindano ambayo muuguzi kaisahau. Mashine zilikuwepo, kubwa, zinanguruma kama zinazodai sifa. Lakini mashine haiwezi damu iliyokauka. Damu iliyokauka hulowekwa kwanza kwenye dawa, kisha hufikichwa kwa mikono, doa kwa doa, mpaka ikubali. Shangazi alikuwa wa kuloweka. Kazi hiyo aliianza dobi lilipofunguliwa, na wengi waliokuja baadaye yeye ndiye aliyewafundisha jinsi ya kushika shuka bila kuikasirisha.

Mikono ile ndiyo iliyonilea baba yangu, kaka yake, alipofariki. Ndiyo iliyonisuka nywele, ikanifunga vifungo, ikanizaba makofi niliyostahili na mengine ambayo mpaka leo tunabishania. Sasa mimi ndiye niliyemfunga vifungo yeye. Ngozi ya viganja ilimenyeka kama rangi ya ukuta wenye unyevu, kucha zilikuwa laini, na kila asubuhi vidole viwili vya mkono wa kulia vilichelewa zaidi kuamka. Muuguzi wa zahanati aliugeuza mkono ule mara mbili, akasema bila kupepesa: ukiendelea kuutia kwenye dawa, mama, mkono huu utakufa kabla yako.

Tukaomba glavu. Hatukuomba nyongeza ya mshahara, wala likizo. Tuliomba glavu za mpira, ndefu mpaka kwenye kiwiko. Msemaji nilikuwa mimi. Pale kazini waliniita Redio, kwa sababu, walisema, ukinizima huku nalia kule. Kusoma nilijifunza kwenye magazeti ya kufungia shuka safi, kwa hiyo elimu yangu ina matundu pale palipopita mkasi. Lakini jambo moja nililisoma likiwa zima: anayemshikisha mwenzake sumu sharti aukinge mkono wake. Nikamwambia tajiri hivyo hivyo, nimesimama, kofia ya kazi nimeivua.

Tajiri wetu alikuwa mwanamke, mjane, mcha Mungu. Naomba mnielewe hapa. Kama angekuwa mnafiki ningeshamsahau zamani, maana wanafiki ni wengi na kumbukumbu ina kazi nyingine. Yeye aliamini. Alianza kwa kufua nguo za watu kwenye ua wa mama yake, na kila Jumatatu alitukumbusha. Siku ile alinisikiliza, kichwa amekiinamisha upande, kisha akatuonyesha viganja vyake, akasema naye alifua kwa mikono hiyo hiyo. Viganja vilikuwa laini kama ndani ya ganda la yai. Akasema glavu hutenganisha mkono na doa, na mfuaji asiyelisikia doa kwa kidole hawezi kuliona kwa jicho. Akasema atasali.

Akasali kweli. Wiki iliyofuata akatukusanya, uso unang'aa, akatangaza kwamba atatupeleka hija. Gari, chakula, malazi, vyote juu yake. Tutafuata nyayo za mtakatifu wa wafuaji, mwanamke wa zamani aliyefua shuka za wagonjwa maisha yake yote, tangu nyumba aliyozaliwa mpaka hodhi alilofulia. Tungekwenda wachache: mimi na shangazi, mwenzetu wa kuloweka tuliyemwita Bi Harusi kwa kuwa harusi yake ilikuwa mwakani tangu tumjue, na Mpiga Pasi, bwana mnene mwenye sauti nyembamba, aliyeteuliwa ili awepo wa kubeba mizigo.

Tuliomba glavu, tukapewa hija.

"Bahati yetu hatukuomba mapumziko," Mpiga Pasi alisema tulipotoka ofisini. "Tungezikwa."

Tulicheka, lakini kicheko hakikufika tumboni. Tulikuwa tumeshakubaliana kuwa glavu zisipokuja tutaweka shuka chini, zinuke mpaka hospitali wenyewe wamtafute tajiri. Wote walikubali isipokuwa shangazi. Hakukataa. Alisema tu, tutaona. Nami niliwajua wenzangu. Niliweza kunena kama mvua juu ya bati na wakanisikiliza kwa raha, kisha wakageuka kumtazama shangazi. Akiinuka kwenye benchi, wanainuka. Akibaki, Redio na aendelee kulia.

Tajiri naye alilijua hilo. Ndiyo maana alitueleza habari za hodhi mapema, kabla hata ya kupakia mizigo. Hija ile ina desturi yake. Ukifika mwisho wa safari unatia mikono ndani ya maji ya mtakatifu, unaweka nadhiri kwa sauti, na wote waliopo wanakuwa mashahidi. Maneno sharti yatoke moyoni mwako. Mwingine akikutamkia, nadhiri imeharibika na aibu ni yake. Lakini ikishatoka, imetoka. Tajiri alisema, huku akimtazama shangazi, kwamba nadhiri ya hodhini haifunguliwi na padri wala askofu, na kwamba lingekuwa jambo zuri kama nini ikiwa sisi sote tungeahidi kufanya kazi kama yeye alivyofanya, bila manung'uniko.

Moyo ukanishuka mpaka kwenye viatu. Kwa sababu shangazi na nadhiri nilivijua. Nilipokuwa mdogo nilishikwa na homa, daktari akakunja vifaa vyake, na shangazi akaahidi mbele ya msalaba wa ukutani kwamba nikiamka hatagusa sukari tena. Niliamka. Tangu siku ile, misibani, harusini, hata alipoandaliwa keki na wafanyakazi wenzake, shangazi hakutia sukari mdomoni. Mwanamke huyo akitia mikono hodhini na kuahidi kutonung'unika, basi. Mkono wake umekwisha, wa Bi Harusi utafuata, na mdomo wangu utabaki kuwa mdomo.

Nilipanda gari nikiwa na kazi moja tu: kumzuia.

Kituo cha kwanza kilikuwa nyumba aliyozaliwa mtakatifu, chumba kimoja chenye mlango mfupi uliotulazimisha kuinama. Padri aliyetuongoza alisema mlango ule ulimfundisha unyenyekevu. Mpiga Pasi alijigonga kichwa, akasema yeye umemfundisha matusi. Kituo cha pili kilikuwa mto, umebaki kijito, na jiwe lililokuwa na kibonyeo ambacho, tuliambiwa, ni alama ya magoti yake. Padri alikuwa kijana, mpole, sauti yake nzuri kwa wagonjwa. Kila kituo alikuwa na neno lile lile. Subira. Mikono ya mtakatifu ilichanika, akaificha chini ya aproni, akatabasamu. Dawa ya enzi zile ilikuwa magadi na majivu, ikamla mpaka kwenye nyama, akatabasamu. Tajiri alilia kila mara, kilio cha kweli, kisha akamshika shangazi mkono ule mbovu akaubonyeza kwa upendo. Nilimwona shangazi anavyojikaza asipige kelele kwa maumivu.

Nyie, nimefukuzwa kazi mara ngapi, nimelala rumande, nimeitwa majina yasiyoandikika. Hakuna lililonichoma kama kubonyezwa kule.

Kituo cha tatu kilikuwa wodi ya zamani, dari refu, vitanda vya chuma vimeachwa mahali pake kama makaburi yaliyotandikwa. Hapo padri alisimulia miaka ya kazi: jinsi alivyoingia akiwa msichana, jinsi tauni ilivyokuja, jinsi alivyofua mchana na usiku, na jinsi, baada ya mwaka mmoja, alivyorudi hodhini na kuendelea mpaka kifo chake. Alikuwa ameshafika kwenye kifo, mikono ameinua, shangazi alipouliza.

"Alirudi kutoka wapi, Padri?"

"Samahani, mama?"

"Umesema alirudi hodhini. Kurudi ni lazima uwe ulitoka. Mwaka ule alikuwa wapi?"

Padri alifikiri. Simlaumu, alitafuta kwa dhati. "Inasemekana alikuwa katika sala."

"Mwaka mzima."

"Ndivyo inavyosemekana."

Shangazi akatikisa kichwa taratibu, kama afanyavyo akipewa shuka ambayo wameisema ni safi. "Na tauni ipo," akasema. "Sasa hizo shuka alifua nani?"

 Bi Harusi, ambaye tauni ilikuwa imemliza, akafuta machozi, akamtazama padri kwa hamu. Tajiri akasema tusichelewe, kuna chakula cha mchana, na Mpiga Pasi akaunga mkono hoja.

Jioni, kwenye nyumba ya wageni ya masista, nilikaa kitandani nyuma ya shangazi nikimfumua nywele. Chumba kilikuwa kimepakwa chokaa na kunuka sabuni. Hata huko, sabuni. Nikaanza. Nikamwambia padri ni mwongo, tajiri ni mwongo zaidi, mtakatifu mwenyewe walishamfulia mbali mpaka hakubaki na rangi. Nikamwambia kesho asitie mikono, aseme anaumwa, aseme lolote. Nikamkumbusha maneno ya muuguzi. Nikasema kikulacho ki nguoni mwako, na sisi kinatula kwenye nguo za watu. Nilikuwa natiririka, nikajisikia vizuri.

"Taratibu, kichwa ni changu," shangazi alisema.

Nikalegeza kitana.

"Wewe na tajiri mmekuwa mapacha," akasema. "Yeye ananivuta gauni huku, wewe kule. Litachanika, kila mtu abaki na kipande chake."

"Shangazi, mimi nakutetea."

"Najua. Na padri si mwongo. Kaambiwa hivyo, na aliyemwambia kaambiwa." Akainamisha shingo nifikie kisogoni. "Mwaka mzima, mwanangu. Wakati wa tauni. Mtu mwenye mikono kama ile, na shuka zimelala zinamngoja."

  Akaniambia nikimsuka tena nikaze misuko, kesho kuna upepo.

Hodhi lenyewe lilikuwa nje, kwenye ua wa kikanisa, chini ya paa dogo la vigae. Mbele yake palikuwa na sanamu ya mtakatifu, aproni yake ya buluu, mikono imeunganishwa kifuani, uso umepakwa tabasamu lile lile tulilosimuliwa njia nzima. Ndani ya maji walikuwa wametia magadi kidogo, kwa ukumbusho. Tajiri alitangulia. Alitumbukiza ncha za vidole, akaweka nadhiri ya kupeleka maua altareni kila mwezi, sauti inamtetemeka. Kisha akajifuta kwa leso, akafungua mkoba, akatoa kichupa cha mafuta, akajipaka kiganja na mgongo wa mkono, polepole, katikati ya vidole.

Sote tulimtazama anavyojipaka. Hakujua. Nakuapieni hakujua.

"Haya, dada," akamwambia shangazi, mafuta bado yanamng'aa. "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mwige yeye tu."

Padri akakohoa, kumkumbusha desturi.

Ndipo tulipofika pale nilipoanzia. Mikono juu ya maji. Ulimi wangu katikati ya meno. Mpiga Pasi aliacha kutafuna. Shangazi aliinua uso akaitazama sanamu kwa muda mrefu, bila unyenyekevu, bila ujeuri, jinsi mfuaji anavyomtazama mfuaji wa zamu iliyopita. Kisha akaitumbukiza mikono yote miwili mpaka juu ya vifundo. Magadi kwenye nyama iliyo wazi, nilijua kinachompata. Hakukunja uso.

"Mbele ya mfuaji huyu," alisema, "na mbele ya padri, na mbele ya tajiri wangu aliyenileta hapa kwa wema wake, naweka nadhiri. Mikono hii haitaingia tena kwenye dawa ya madoa ikiwa uchi. Mpaka nife."

Upepo ulipita juu ya vigae. Shangazi hakuitoa mikono.

"Na nikifukuzwa kwa ajili hiyo," akaongeza, sauti ile ile ya kuagiza sabuni, "nitakuwa nimefukuzwa kwa kushika nadhiri."

Padri alisema amina. Desturi ilimtaka aseme, naye akasema, na nadhani aliisikia baada ya kuitamka. Tajiri alimgeukia, akamuuliza kwa mnong'ono kama jambo hilo lina njia ya kufunguliwa. Padri alitazama viatu vyake, akamjibu kwamba nadhiri ni nadhiri, kama tajiri mwenyewe alivyotueleza. Bi Harusi alikuwa ameshakunja mikono ya blauzi. Akatia mikono, akasema na yeye hivyo hivyo. Mpiga Pasi akafuata, ingawa maisha yake yote hajawahi kuloweka hata soksi.

"Na mimi," akasema. "Pasi haina dawa, lakini isije ikasemwa wanaume tunajitenga."

Nikabaki mimi. Redio. Nilikuwa na hotuba niliyoitunga njia nzima, ina vipengele. Nikatia mikono, maji yakaniuma, nikasema: kama alivyosema shangazi. Ni hotuba fupi kuliko zote nilizowahi kutoa, na ndiyo pekee iliyozaa kitu.

Jumatatu mifuko ya turubai ilifika kama kawaida. Tulisimama mbele ya matangi ya kuloweka, mikono tumeikunja kifuani, na wenzetu ambao hawakwenda hija walipomwona shangazi kasimama nao wakasimama. Hatukupiga kelele wala kuimba. Tajiri alipita akatuita wasaliti, akarudi akatuita wanawe, akaingia ofisini akalia. Shuka zikaanza kunuka. Hospitali wakapiga simu, wakapiga tena, kisha wakaja wenyewe wameziba pua. Glavu zilipofika zilikuwa za rangi ya chungwa, ndefu mpaka kwenye kiwiko, nasi tulipangwa mstari ili padri azibariki kabla ya kuzigawa.

Shangazi alivaa zake. Ya kushoto iliingia. Ya kulia ilikataa. Glavu inatengenezwa kwa vidole vilivyonyooka, na vyake viwili havikunyooka tena. Akavisukuma ndani vikiwa vimekunjika hivyo hivyo, na vidole viwili vya glavu vikabaki vitupu, vinaning'inia kama masikio ya mbwa aliyenyeshewa. Akachukua uzi, akavifunga visimsumbue, akaingia kazini. Alifanya kazi na glavu ile yenye uzi mpaka alipostaafu. Mkono haukufa. Lakini hata kifungo kimoja hakuwahi kujifunga mwenyewe tena, na hilo sijamsamehe mtu, na msinitazame hivyo.

Miaka imepita. Juzi nilipita karibu na kikanisa kile, nikaingia. Ua ni ule ule, sanamu imepakwa rangi upya. Pembeni ya hodhi wamejenga kabati la kioo, na ndani, kando ya aproni ya mtakatifu, zimelazwa glavu mbili za rangi ya chungwa juu ya kitambaa cheupe. Binti mmoja mwenye sauti nzuri alikuwa akiwaeleza mahujaji muujiza wa glavu. Kwamba palikuwa na mwenye dobi, mwanamke mcha Mungu, aliyewaleta wafanyakazi wake kwa mtakatifu. Kwamba alipotia mikono hodhini alisikia moyoni uchungu wa mikono ya wengine. Kwamba alirudi akawanunulia glavu kabla hata hawajamwomba.

Kabla hata hawajamwomba. Nilisimama pale na umri wangu wote, nikasema kwa sauti kwamba tuliomba. Mahujaji waligeuka. Binti akanitabasamia kwa huruma, akanionyesha benchi, akauliza kama nimekunywa maji.

Nilirudi nyumbani, nikamsimulia shangazi. Siku hizi hatoki sana. Hukaa dirishani, kanga mapajani, mkono wa kulia ameulaza juu yake kama kitu cha mtu alichoachiwa akitunze. Nilimwambia yote, kabati, kitambaa, binti, muujiza. Nilimwambia nitaandika, nitakwenda kwa askofu, nitasimama pale mlangoni kila Jumapili. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Hizo glavu," akauliza, "ya kulia ina uzi?"

Nikafikiri. "Haina."

"Vidole vyake vimenyooka?"

"Vyote."

"Basi si zangu."

Akatazama nje kidogo. Nikadhani yamekwisha.

"Na yeye," akasema, "pale kwenye sanamu. Vidole vyake vimenyooka?"

Nikaiona tena mikono ile iliyounganishwa kifuani, rangi mpya, kila kidole kimelala sawa ubavuni mwa mwenzake. Nikamwambia ndiyo, vimenyooka.

"Basi si yeye," shangazi akasema, akanisogezea kikombe nimwongezee chai. Nikammiminia. Sukari sikuweka.